Je, Wajua? Herufi za mashushushu, kutoka Bweri hadi Mbuya

Ukishuka stendi ya mabasi ya Bweri, Manispaa ya Musoma, hata kabla hujapatana bei na bodaboda umeshasoma herufi za kutosha kujaza ukurasa: LATRA kwenye kioo cha basi, TRA kwenye risiti, TARURA kwenye kibao cha barabara. Mkoa wa Mara umezoea herufi, na nyingi kati ya hizo zina harufu ya jeshi. Kijana akimaliza kidato cha sita akapangiwa kambi ya JKT ya Rwamkoma, wilayani Butiama, ataambiwa anakwenda 822 KJ. KJ ni Kikosi cha Jeshi. Hiyo 822 ni namba tu, na kazi yake ni kutomwambia mtu baki chochote. Anayejua anajua, na asiyejua abaki anahesabu.

Safu yetu leo inachambua ukoo mmoja tu wa herufi hizi, ule wa idara za ujasusi za majeshi na binamu zake wa kiraia. Ni ukoo wenye tabia zake. Wanaojipachika majina haya huwa wanataka yasikike kama ofisi ya kawaida yenye mafaili na kikombe cha chai. Wananchi nao hawachukui muda mrefu kujua kilichomo ndani. Wakishajua, jina hubadilishwa.

Uchifu usio na ngoma

Je, wajua kwamba jirani yetu Uganda amekuwa na uchifu usio na ng'ombe, usio na ngoma, wala mzee wa kutambika?

Chombo cha ujasusi cha jeshi la Uganda, UPDF, kwa miaka mingi kimejulikana kwa herufi CMI, na makao yake yako kwenye kilima cha Mbuya, Kampala. Zamani, enzi jeshi hilo likiitwa NRA, herufi zilikuwa DMI, yaani Directorate of Military Intelligence, jina la kawaida ambalo hata Kigali na Nairobi wamelitumia. Lakini CMI ni Chieftaincy of Military Intelligence. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata Uchifu wa Ujasusi wa Kijeshi.

Uchifu umeingiaje jeshini? Si kwa njia ya mila. Pale makao makuu ya UPDF, wakuu wa idara hubeba cheo kinachoanza na neno Chief: kuna wa utumishi, kuna wa vifaa, kuna wa ujasusi. Ikawa ofisi ya kila Chief inaitwa Chieftaincy. Matokeo yake herufi hizo tatu zina watu wawili ndani yake, kwa sababu CMI ni idara na CMI vilevile ni mkuu wa idara. Gazeti la Kampala likiandika kwamba CMI amesema jambo, msomaji inabidi amalize sentensi ndipo ajue kama aliyesema ni jengo au ni jenerali.

Kwa msomaji wa Butiama neno hilo lina ladha ya pekee. Burito Nyerere alikuwa chifu wa Wazanaki chini ya ukoloni, na baada yake kiti kikaenda kwa mwanawe Edward Wanzagi. Mwana mwingine wa Burito, Julius, akawa Rais, na ni serikali yake iliyofuta mamlaka ya machifu Tanganyika mwaka 1963. Tangu hapo chifu kwetu ni mtu wa heshima na wa matamasha. Rais Samia Suluhu Hassan alipovikwa uchifu mwaka 2021 na kupewa jina la Hangaya, hakuna aliyedhani amepewa ofisi ya kukamata watu. Kampala neno hilohilo likitajwa kwenye habari za usiku, watu hutazama mlango.

Desemba 2021 Marekani ilimwekea vikwazo mkuu wa CMI wa wakati huo, Meja Jenerali Abel Kandiho, kwa tuhuma za utesaji wa watu waliokuwa mikononi mwa chombo chake. Mwezi uliofuata akahamishwa. Baadaye na jina likahamishwa: sasa chombo hicho kinaitwa Defence Intelligence and Security, kwa kifupi DIS. Sisemi tukio moja limezaa jingine. Nasoma kalenda tu.

Kampala na majina yake

Ukitaka kujifunza jinsi herufi za usalama zinavyozaliwa na kufa, Kampala ni shule tosha.

Milton Obote, katika utawala wake wa kwanza, alikuwa na General Service Unit, GSU, chini ya Akena Adoko. Jina hilo ukilitazama kwa haraka utadhani ni ofisi ya kupaka rangi majengo ya serikali: Kitengo cha Huduma za Jumla. Kazi yake ilikuwa kumchunguzia rais habari za watu wake. Kichekesho ni kwamba Kenya nao wana GSU, na herufi zao zinasimamia maneno yaleyale matatu, lakini yao ni kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, watu wa kofia nyekundu. Majina pacha, kazi mbalimbali.

Idi Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, GSU ilivunjwa. Ikaundwa ofisi ambayo mwishowe iliitwa State Research Bureau. Tafakari kidogo: Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Pembeni yake kukawa na Public Safety Unit, Kitengo cha Usalama wa Umma. Mtu aliyekuwa nje ya Uganda angeweza kudhani Amin anafungua chuo kikuu. Makao ya watafiti hao yalikuwa Nakasero, jirani na nyumba ya rais, na aliyeingizwa pale hakutarajiwa kutoka. Francis Itabuka aliiongoza, na baadaye Farouk Minawa.

Jina lilificha, lakini watafiti wenyewe walijitangaza. Walivaa mashati ya maua, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni na miwani myeusi hata jua likiwa limezama. Magari yao yalikuwa na namba zinazoanza na UVS. Raia wa Kampala hakuhitaji kujua kirefu cha chochote. Akiona UVS imepunguza mwendo mbele ya duka, anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine wa mji. Mimi nalichukulia hili kama somo kamili la taaluma ya siri: ofisi imeficha jina, kisha ikasahau kuficha magari.

Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na milango ya Nakasero ikafunguliwa. Aliyekuwa akiongoza Divisheni ya 20, iliyobeba mzigo mkubwa wa vita ile, ni mtu wa Butiama: David Musuguri, ambaye askari walimwita Jenerali Mutukula. Alikuja kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akarithiwa na mwana mwingine wa Mara, Ernest Mwita Kiaro. Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mwaka 1942 aliingia King's African Rifles, KAR, jeshi la mkoloni ambalo herufi zake wazee wetu hawakuzitaja moja moja, wakazimeza kwa pamoja zikawa Keya. Amin naye alikuwa Keya. Vita ya Kagera, kwa namna fulani, ilikuwa ugomvi wa watu waliofundishwa kupiga saluti kwenye uwanja mmoja.

Obote aliporudi madarakani, chombo chake kipya kikaitwa National Security Agency, na Waganda wakakiita NASA. Tutarudi kwa NASA. Museveni alipoingia mwaka 1986, NASA ikafa, na sheria ya mwaka 1987 ikaunda ISO kwa ajili ya usalama wa ndani na ESO kwa ajili ya nje, huku ule ujasusi wa jeshi ukibaki jeshini. ISO ilishuka hadi mashinani na kuzaa watoto: wilayani kuna DISO, na ngazi ya chini yake kuna GISO. Hiyo G ni gombolola, neno la Kiganda la kaunti ndogo. Sijaona kwingine duniani ambako kifupisho cha Kiingereza cha idara ya usalama kimeanza na neno la Kiganda na hakuna aliyeshtuka.

Takwimu, utafiti, nyaraka

Amin hakubuni ujanja wa kuita ujasusi utafiti. Je, wajua kwamba ofisi ya ujasusi ya jeshi la Ufaransa iliyomtia hatiani kapteni asiye na kosa, Alfred Dreyfus, iliitwa Kitengo cha Takwimu? Ndivyo ilivyosomeka kwa Kifaransa: Section de statistiques. Takwimu zenyewe zilikuja kwa njia ya ajabu. Mwanamke aliyekuwa akifanya usafi katika ubalozi wa Ujerumani mjini Paris alikuwa akikusanya vipande vya karatasi kutoka kwenye kapu la taka na kuvipeleka kwa maofisa wa Ufaransa. Mwaka 1894 kati ya vipande hivyo ikapatikana orodha ya siri za kijeshi, na mwandiko wake ukabambikiwa Dreyfus. Alifungwa kisiwani, na hakusafishwa rasmi hadi mwaka 1906.

Wafaransa walipoendelea, baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliipa idara yao ya ujasusi wa nje herufi SDECE, ambamo D ni ya nyaraka. Mtindo huo ukasambaa kwenye nchi zinazotumia Kifaransa, zikiwemo jirani zetu. Burundi, kwa miaka mingi, idara ya usalama iliitwa Documentation Nationale, Nyaraka za Taifa, na mtu wa Bujumbura aliyesikia kwamba anaitwa Documentation hakubeba kalamu. Leo ni SNR. Zaire ya Mobutu nayo ilikuwa na Centre National de Documentation. Kwa majina hayo ungedhani ukanda wote wa Maziwa Makuu ulikuwa umejaa wakutubi.

Kongo baadaye ilichoka na upole. Laurent Kabila alipoingia madarakani mwaka 1997, ujasusi wa jeshi ukaitwa DEMIAP: Détection Militaire des Activités Anti-Patrie, yaani ugunduzi wa kijeshi wa shughuli zilizo kinyume na nchi. Hapa hakuna tena maktaba. Jina limeshakutia hatiani kabla hujakaa kwenye kiti. Goma na Bukavu watu wazima bado wanaikumbuka DEMIAP na mahabusu zake, ingawa ilivunjwa jeshi lilipoundwa upya baada ya makubaliano ya amani.

Kwa nini tano, kwa nini sita

Hakuna herufi za ujasusi zilizotembea duniani kama MI5 na MI6 za Uingereza, na sababu kubwa ni sinema. Watu wengi huulizwa swali dogo na kukwama: MI ni nini, na hizo namba zingine ziko wapi?

MI ni Military Intelligence, ujasusi wa kijeshi. Mwaka 1909 Waingereza walianzisha ofisi moja ya siri iliyogawanyika mara mbili. Vernon Kell alishika ya ndani, Mansfield Cumming akashika ya nje. Ofisi ya Kell ilipachikwa kwenye wizara ya vita, na mwaka 1916, vitengo vya ujasusi wa jeshi vilipopangwa upya kwa namba, yake ikawa ya tano. Ya Cumming ilipewa jina la MI6 baadaye sana. Namba nyingine zilikuwepo kweli. MI9, kwa mfano, ilifanya kazi wakati wa Vita vya Pili ya kuwasaidia askari waliotekwa kutoroka, ikiwapelekea ramani zilizochapwa kwenye hariri ili zisipige kelele zikikunjwa. Vita ilipoisha, nyingi zilifungwa au kumezwa na idara nyingine.

Zilizobaki mbili si za kijeshi tena. MI5 jina lake rasmi ni Security Service tangu 1931, na MI6 ni Secret Intelligence Service. Herufi zimebaki mdomoni kwa sababu watu walishazizoea. Kuhusu MI6 kuna jambo linalochekesha zaidi: serikali ya Uingereza haikuitambua kisheria mpaka sheria ya mwaka 1994, wakati dunia nzima ilikuwa imeshatazama filamu zake kwa zaidi ya miaka thelathini. Cumming alikuwa akisaini kwa herufi moja, C, kwa wino wa kijani. Mkuu wa idara hiyo mpaka leo anaitwa C.

Polisi wao nao walituachia kitu. Mwaka 1883 polisi wa London waliunda kitengo cha kupambana na mabomu ya Waayalandi, wakakiita Special Irish Branch. Kazi ilipopanuka wakaondoa neno la Waayalandi, ikabaki Special Branch, na jina hilo likapakizwa melini kwenda makoloni. Tanganyika ilikuwa nayo. Kenya iliendelea nalo hata baada ya uhuru, ikabadili likawa DSI mwaka 1986, halafu NSIS kwa sheria ya mwaka 1998, halafu NIS mwaka 2012. Wazee wa Nairobi ukiwauliza bado wanasema Special Branch, na wanapunguza sauti.

Ofisi ya pili

Ukimsikia ofisa wa jeshi akisema G2, S2 au J2, anazungumzia ujasusi. Kwa nini mbili? Mwaka 1871, baada ya kipigo kutoka kwa Wajerumani, jeshi la Ufaransa liliipanga ofisi yake kuu kwa namba, na ya pili, Deuxième Bureau, ikapewa kazi ya kumjua adui. Wamarekani walipopeleka askari Ufaransa mwaka 1917 wakauiga mpangilio huo: moja ni watumishi, mbili ni habari za adui, tatu ni operesheni, nne ni vifaa. Kutoka hapo ukaenea kwenye majeshi mengi. Herufi inayotangulia inakuambia aina ya makao makuu, namba inakuambia kazi. Mashariki mwa Kongo utasikia pia T2, na mfanyabiashara anayepita kwenye vizuizi vya barabarani huko anajua vizuri tofauti ya kuitwa na ofisa wa vifaa na kuitwa na T2.

Lakini je, wajua kwamba Kinshasa na Brazzaville mtu akisema fulani ana deuxième bureau, hakuna aliyefikiria jeshi? Maana yake ana nyumba ndogo. Mume amechelewa, alikuwa ofisini, ofisi ya pili. Kuna wanaume wenye ofisi ya tatu.

Vita ya ziwani na karatasi chafu

Turudi nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Musoma na Shirati zilikuwa upande wa Wajerumani, na mpaka na Waingereza ulipita palepale karibu na Sirari ya leo. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka wakaingia Kisii. Ziwa nalo likawa uwanja wa vita, kwa meli ndogo za mizigo zilizofungwa mizinga. Moja ya meli za Waingereza, Sybil, iligonga mwamba karibu na Majita mwaka huohuo na kuachwa. Iliwakosesha Waingereza usingizi: je, Wajerumani wakiiibua na kuipa mizinga? Mwaka 1915 walirudi wenyewe Majita, wakaiibua na kuivuta mpaka kwao.

Mkuu wa ujasusi wa Waingereza Afrika Mashariki miaka hiyo alikuwa Richard Meinertzhagen, na yeye ndiye aliyetuachia kifupisho chenye harufu kuliko vyote katika makala hii: DPM. Aliwatumia wapelelezi wa Kiafrika kuingia kwenye kambi za Wajerumani na kuokota karatasi chooni. Maofisa wa Kijerumani, karatasi laini zikiwa adimu porini, walijifutia kwa barua, taarifa na hesabu za vikosi ambazo walidhani hazina kazi tena. Mbinu hiyo aliipa jina la Dirty Paper Method, mbinu ya karatasi chafu. Kwa maelezo yake, hapakuwa na chanzo kingine kilichomlisha habari nyingi namna ile.

Inafaa nikutahadharishe juu ya shahidi wetu. Meinertzhagen alikuja kugundulika kwamba aliiba ndege waliokaushwa kutoka kwenye makumbusho na kuwabandika tarehe na mahali pa uongo, na shajara zake zimekutwa na kurasa zilizoandikwa upya miaka mingi baada ya matukio. Mbinu yenyewe inasadikika, maana majeshi mengi yameponzwa na taka zao, na kapu la ubalozi wa Paris ni ushahidi. Kinachouma ni kwamba walioingia kwenye vyoo hivyo usiku, wakijua kwamba wakikamatwa ni kitanzi, hawakupewa hata herufi moja.

Herufi zinapogongana

Tulimwacha NASA njiani. Mtoto wa shule Bweri atakuambia NASA ni Wamarekani wa kurusha roketi, na yuko sahihi. Mganda wa umri wa kustaafu anayo NASA nyingine, ile ya Obote, na hataki kuizungumzia. Mkenya wa jirani yake ana ya tatu: muungano wa vyama vya upinzani wa uchaguzi wa 2017, uliomsimamisha Raila Odinga. Wakikutana watatu hao kwenye basi moja, mazungumzo yatakuwa marefu.

ISO nayo inamchanganya mtu. Ukiiona kwenye mfuko wa saruji au chupa ya maji, siyo usalama wa ndani wa Uganda uliokuja kukagua. Ni shirika la viwango la kimataifa, na herufi zake wala si kifupisho cha jina lake. Zimetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sawa, ili kila lugha isije na mpangilio wake.

Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa na idara iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo wapigania uhuru waliopokewa Tanzania waliifahamu kwa jina moja tu: BOSS. Jina rasmi kwa Kiingereza lilikuwa Bureau for State Security, na kwa haki kifupisho chake kingekuwa BFSS au kitu cha kutafuna ulimi. Waandishi wa habari wakabadilisha neno moja dogo katikati, wakapata BOSS, na idara ikashindwa kulivua jina hilo mpaka ilipofutwa.

Watanzania tuna kipaji hichohicho. Kikosi cha Kutuliza Ghasia cha polisi kina herufi FFU, kwa Kiingereza Field Force Unit. Nani anasema hivyo mtaani? FFU ni Fanya Fujo Uone. Tafsiri hiyo inaeleza kazi ya kikosi vizuri kuliko jina lake la serikali.

Kitengo

Na sisi wenyewe? Jeshini kwetu kazi ya ujasusi huitwa kwa neno la staha, utambuzi, na mpaka hapo raia hatuendelei kuuliza. Chombo ambacho raia anakitaja kila siku si cha jeshi. Ni Idara ya Usalama wa Taifa, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu imekwenda kinyume na ukoo wote tulioupitia. Haikuitwa utafiti, takwimu wala nyaraka. Iliitwa kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo kila mtu anayaelewa, na watu wakayafupisha kwa njia yao: Usalama. Yule ni Usalama. Ana ndugu Usalama. Mkuu wake wa kwanza mzalendo, Emilio Mzena, jina lake limewekwa kwenye hospitali ya Kijitonyama, Dar es Salaam, palepale alipofia Rais John Magufuli tarehe 17 Machi 2021.

Jina likiwa wazi kiasi hicho, kazi ya kuficha ikahamia kwa wananchi. Ni sisi tuliobuni shushushu. Ni sisi tunaosema mtu wa kitengo, bila kutaja kitengo gani. Wilayani, mwenye kujua serikali atasema DSO, na mkoani RSO, kwa sauti ileile anayomtajia OCD, kama vile ni cheo cha kawaida kwenye kikao cha kamati ya ulinzi na usalama, na kweli ndicho. Kwenye vijiwe vya Bweri mtu akihamia mtaani, akapanga chumba, akawa hana kazi inayoeleweka na hana deni dukani, wiki haiishi kabla hajapewa cheo hicho bure.

Sheria ya idara hii ilitungwa mwaka 1996, zaidi ya miaka thelathini baada ya uhuru, na ikaipa jina la Kiingereza: Tanzania Intelligence and Security Service. Ndipo TISS ilipoingia magazetini. Miaka minane baadaye, mwaka 2004, Benki Kuu ikaanzisha mfumo wa benki kulipana zenyewe kwa zenyewe papo kwa hapo, Tanzania Interbank Settlement System, ambao kifupi chake ni TISS. Hakuna upande uliobadili jina. Kwa hiyo ukienda benki mjini Musoma kutuma hela nyingi ya kiwanja, halafu ukaona kwenye taarifa ya akaunti yako umekatwa TISS, usipige simu kwa shemeji wa kitengo. Ni ada ya kutuma.